Mvinyo wa Seti Nyumbani: Fuata Kipimo, Usifuate Kalenda

Ukifungua boksi la seti ya mvinyo utakuta mfuko mkubwa wa juisi ya zabibu iliyopunguzwa maji, pakiti ya hamira, na vipakiti vinne au vitano vya unga na vimiminika. Kazi ya shambani imekwisha: zabibu zimevunwa, zimekamuliwa, asidi yake imepimwa na kurekebishwa. Wewe unaongeza maji, unatia hamira, na baada ya wiki sita hadi nane unapata lita 23, yaani chupa 30 za mililita 750. Ziko pia seti ndogo za lita 4.5, na hatua zake ni zile zile.

Karatasi ya maelekezo kwa kawaida hupangwa kwa siku: siku ya 7 hamisha, siku ya 14 tia dawa, siku ya 28 jaza chupani. Lakini aliyeiandika hakijui chumba chako. Hamira ni kiumbe hai. Penye baridi hujikokota, penye joto hukimbia, na kazi iliyomalizwa kwa siku tano nyumba moja huchukua siku kumi na mbili nyumba nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu utarudi tena na tena kwenye kifaa kimoja: haidromita, kile kibomba cha kioo kinachoelea na kukuonyesha sukari iliyobaki. Kwa maoni yangu haraka huharibu mvinyo wa seti kuliko uchafu, na haidromita ndiyo dawa ya haraka hiyo.

Jambo moja kabla ya kuanza. Nchi nyingi zinaruhusu mtu mzima kutengeneza mvinyo wa kunywa nyumbani kwake, ila kuuza ni habari nyingine, na zipo nchi zisizoruhusu kabisa. Jua sheria ya mahali ulipo. Ujue pia kwamba huku ni kuchachusha tu. Kunereka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, ni kazi tofauti yenye hatari zake, na seti ya mvinyo haihusiani nayo.

Kuchagua boksi

Soma tarehe kwanza. Juisi iliyokaa mno hugeuka rangi kuwa ya kahawia, na hamira kavu hupoteza nguvu. Kisha tazama ujazo wa mfuko wa juisi. Mfuko wa lita 16 unahitaji maji kidogo tu kufikia lita 23. Mfuko wa lita 6 au 8 umekolezwa sana na utaongezewa maji mengi. Mara nyingi tofauti ya bei imo humo, na tofauti ya ladha vilevile.

Kama hii ni mara yako ya kwanza, chukua mvinyo mweupe au mwekundu mwepesi. Hunyweka baada ya miezi michache. Seti za mwekundu mzito, zenye mfuko wa maganda ya zabibu na vipande vya mti wa mwaloni, ni nzuri mno, lakini hudai mwaka mzima chupani, na anayeanza huwa hana mwaka wa kusubiri ili ajue kama amefanya sawa.

Vyombo

Unahitaji ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 30 hivi, yenye kifuniko. Inazidi lita 23 kwa makusudi, kwa sababu siku za mwanzo povu hupanda na likikosa nafasi litamwagika sakafuni. Cha pili ni mtungi wa kioo, au wa plastiki ngumu ya chakula, na huu uwe wa lita 23 barabara, kwa kuwa huko hatutaki nafasi ya hewa. Ongeza kizibo cha mpira chenye tundu, kipumulio (kile kibomba chenye maji ndani kinachoruhusu gesi itoke bila hewa kuingia), bomba la kunyonyea lenye mpira wa mita mbili, mwiko mrefu, kipimajoto, na haidromita pamoja na bomba lake refu jembamba la kupimia.

Haidromita ni kioo chepesi sana. Weka ya akiba.

Kuosha na kutakasa

Hizi ni kazi mbili. Kuosha huondoa uchafu unaoonekana. Kutakasa huua vijidudu visivyoonekana. Ukitakasa chombo chenye utando wa uchafu, vijidudu hubaki salama chini ya utando huo, kwa hiyo osha kwanza, suuza, ndipo utakase.

Dawa ya kutakasa iliyozoeleka ni potasiamu metabaisalfaiti: gramu 50 katika lita 4 za maji. Lowesha kila kitu kitakachogusa juisi, acha dakika kumi, kisha suuza au kung'uta. Harufu yake hukereketa kooni na puani; fungua madirisha, na mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia. Klorini ikikutana na mbao au vizibo vya gome huweza kuzaa harufu ya ukungu ambayo haitoki tena kwenye mvinyo.

Siku ya kutia hamira

Seti nyingi huanza na bentonaiti, unga wa udongo laini. Mimina lita 2 za maji ya moto ndani ya ndoo, nyunyiza unga kidogo kidogo huku ukikoroga hadi mabonge yaishe. Udongo huu hunasa protini ambazo baadaye zingefanya mvinyo uwe na ukungu, na huanza kazi hiyo mapema wakati gesi ya hamira inauzungusha ndani ya ndoo.

Mimina juisi. Suuza mfuko wake kwa maji ya uvuguvugu na mimina hayo pia, kwani kilichoganda pembeni umekilipia. Ongeza maji hadi lita 23, kwa kuchanganya ya moto na ya baridi ili mchanganyiko wote uishie kwenye nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi. Maji unayokunywa yanafaa. Yakiwa na harufu ya klorini, yachemshe na kuyapoza kabla.

Sasa koroga kwa nguvu zako zote, dakika mbili kamili. Kuna sababu mbili. Juisi nzito hukaa chini na maji hukaa juu, na ukipima kabla havijachanganyika haidromita itakupa namba ya uongo. Pia, huu ndio wakati pekee ambapo hewa ni rafiki: hamira inahitaji oksijeni mwanzoni ili ijenge seli imara na kuzaana. Baada ya leo oksijeni ni adui hadi chupa ifunguliwe.

Chota juisi, jaza bomba la kupimia, tumbukiza haidromita na izungushe kidogo ili vipovu viachane nayo. Inamisha jicho lako lilingane na uso wa juisi, usome pale ulipo uso wenyewe, si pale juisi inapopanda kidogo ikigusa kioo. Maji matupu husoma 1.000. Juisi ya seti kwa kawaida husoma kati ya 1.070 na 1.100. Andika namba hiyo na tarehe, kwa sababu bila kipimo cha mwanzo hutaweza kukokotoa kilevi mwishoni.

Kama seti ina vipande vya mwaloni vya hatua hii, vitie sasa. Kisha hamira. Nyunyiza gramu 5 za pakiti juu ya uso wa juisi na uiache bila kukoroga, au iloweke kwanza dakika 15 katika mililita 50 za maji ya nyuzi 35 hadi 40. Njia zote mbili hufaulu. Kinachoiua hamira ni mshtuko: usiitoe kwenye maji ya nyuzi 38 ukaitupa kwenye juisi ya nyuzi 18.

Angalizo kwa wenye seti tamu. Baadhi huja na mfuko mdogo wa pili wa juisi, wa kuongeza utamu. Usiumimine leo. Weka kando mpaka mvinyo uwe umetulizwa kwa dawa, la sivyo hamira itaila sukari hiyo yote na utamu hutauona.

Wiki ya kwanza

Funika ndoo bila kuibana kabisa, au weka kipumulio kwenye kifuniko. Ndani ya saa 24 hadi 48 utasikia mchemko mdogo na kuona povu. Chumba kiwe kati ya nyuzi 20 na 24. Chini ya 18 hamira nyingi huzubaa. Juu ya 30 hutaabika na kuacha harufu zisizopendeza.

Lita 23 za juisi ya kipimo cha 1.090 zina sukari ya kilo 5 hivi. Karibu nusu ya uzito huo hugeuka kuwa gesi ya kabonidioksidi, na hiyo ni zaidi ya lita 1,000 za gesi kwa muda wote wa kuchacha. Usiifungie ndoo kwenye kabati au stoo isiyo na tundu, halafu ukalala humo. Hewa ipite.

Kama una mfuko wa maganda ya zabibu, uzamishe kwa mwiko uliotakaswa kila siku, maana maganda yanayoelea hukauka juu na kualika ukungu. Kama huna, acha ndoo itulie.

Kuhamisha kwenda mtungini

Anza kupima siku ya tano. Haidromita ikisoma 1.010 au chini yake, hamisha. Ikisoma 1.030, hata kama karatasi inasema siku zimetimia, subiri. Ukihamisha mapema, mchemko utafurika kwenye shingo ya mtungi. Ukichelewa sana, gesi inayolinda uso wa mvinyo hupungua na hewa huanza kuingia.

Pandisha ndoo mezani, mtungi uwe chini. Tumia bomba la kunyonyea. Usivute kwa mdomo, mdomo una bakteria. Ncha ya mpira ifike chini kabisa ya mtungi ili mvinyo uingie kimya bila kuruka. Acha tope zito ndooni. Tia maji kwenye kipumulio, funga.

Hapa mtungini ndipo subira inapopimwa. Vipovu vitapungua, siku moja vitaonekana kukoma, na moyo utakuambia kazi imekwisha. Vipovu si ushahidi. Kizibo kinachovuja husimamisha vipovu wakati hamira ingali inakula. Chumba kikipata joto mvinyo uliokwisha chacha hutoa vipovu kwa sababu tu gesi iliyomo ndani inapanda. Pima. Ukipata 0.996 au chini yake, ngoja siku mbili au tatu, pima tena. Namba mbili zinazofanana ndizo zinazosema imekwisha. Usishangae kuona kipimo kiko chini ya 1.000: kilevi ni chepesi kuliko maji.

Toa kipimo cha mwisho kwenye cha mwanzo, zidisha kwa 131, upate asilimia ya kilevi. Ulianza na 1.090 ukaishia 0.994? Tofauti ni 0.096, na mvinyo wako una takriban asilimia 12.6.

Kipimo kikiganda juu, tuseme 1.020 kwa siku tano mfululizo, angalia joto kwanza. Hamisha mtungi mahali penye nyuzi 22 hadi 24 na uutikise taratibu ili hamira iliyolala chini iamke. Isipoamka, amsha pakiti mpya kwenye maji ya uvuguvugu, iongezee mvinyo wako kijiko kwa kijiko kwa saa kadhaa hadi iuzoee, ndipo uimimine yote. Hamira inayomwagwa kavu kwenye mvinyo wenye asilimia 10 ya kilevi hufa nyingi kabla haijafanya kazi.

Kutuliza, na kutoa gesi

Sasa ni zamu ya vipakiti viwili. Metabaisalfaiti huulinda mvinyo dhidi ya oksijeni na bakteria. Potasiamu sobeiti huzuia hamira kuzaana. Elewa vizuri neno hilo, kuzaana: sobeiti haiui hamira iliyo kazini. Ukiitia wakati kipimo bado ni 1.005 na kinashuka, hamira itaendelea na kazi, na ukishajaza chupani gesi itasukuma vizibo nje au kupasua chupa. Ndiyo sababu nimesisitiza vipimo viwili vinavyofanana. Yeyusha vipakiti katika nusu kikombe cha maji, mimina, koroga.

Koroga kwa muda mrefu, kwa sababu hatua hii ina kazi ya pili. Mvinyo mchanga umejaa gesi iliyoyeyuka. Gesi hiyo huufanya uchome ulimi, na hubeba mashapo yasitue, hivyo mvinyo wenye gesi hautakuwa mwangavu hata ukiusubiri mwezi. Naamini hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha mvinyo wa seti unaojulikana kwa ladha yake ya kienyeji na ule ambao mgeni hatauliza ulikotoka.

Ingiza mpini wa mwiko mtungini, au kipekecho kinachofungwa kwenye drili, na koroga huku ukibadili upande. Anza polepole, maana gesi inaweza kulipuka kama soda iliyotikiswa ikamwaga nusu lita mezani. Koroga dakika kadhaa, pumzika, rudia, mara tatu au nne kwa siku, hata siku mbili. Mvinyo uwe na nyuzi 20 au zaidi. Ukiwa baridi hushikilia gesi. Usiukoroge hadi katikati pafanyike shimo linalovuta hewa ndani.

Kujua kama imetosha: jaza bomba la kupimia nusu, ziba kwa kiganja safi, tikisa kwa nguvu, fungua. Ukisikia pumzi inatoka, endelea.

Jambo la kuzingatia: baadhi ya seti husema ukoroge mashapo ya chini yapande na kuchanganyika kabla ya dawa ya kung'arisha, nyingine husema uyaache nyuma kwa kuhamisha kwanza. Fuata seti yako, kwa kuwa dawa zake zimepimwa kwa njia hiyo.

Kung'arisha

Dawa za kung'arisha mara nyingi huja mbili. Kieselisoli, ambayo ni chembe za silika zenye chaji hasi, hutangulia; kitosani, yenye chaji chanya, hufuata baada ya muda uliotajwa kwenye karatasi. Moja hushika chembe hizi, nyingine hushika zile, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na bonge zima linazama. Usibadili mpangilio. Kitosani nyingi hutokana na magamba ya kamba na kaa, kwa hiyo mwambie mgeni mwenye mzio wa viumbe hao kabla hujammiminia.

Jaza mtungi hadi karibu na shingo. Pengo likiwa kubwa, liongezee mvinyo wa aina hiyo hiyo. Maji hufanya mvinyo upwaye. Kisha usiuguse. Siku nane huandikwa kwenye karatasi nyingi, wiki mbili hadi nne ni bora. Weka tochi nyuma ya mtungi: mwanga ukipita kama mstari wenye vumbi, bado. Mwekundu uchote kwenye glasi ndogo ndipo uumulike.

Ukishang'aa, hamisha tena kwa upole, ukiacha mashapo yote. Ni afadhali upoteze glasi moja ya mvinyo kuliko kuchafua chupa tano za mwisho.

Chupani

Chupa zioshwe, zitakaswe, zikauke zikiwa zimeinamishwa. Jaza kutoka chini, acha nafasi ya sentimita moja hadi mbili kati ya mvinyo na kizibo. Vizibo vya gome vilowekwe kidogo kwenye maji ya kutakasa. Usivichemshe, hupoteza unyumbufu. Kifaa cha kupigilia vizibo kinachosimama sakafuni huokoa mikono na vizibo pia. Chupa za kifuniko cha kuzungusha zisipigiliwe vizibo, midomo yake haikutengenezwa kwa hilo.

Zisimamishe siku tatu hadi tano ili hewa iliyobanwa itoke na kizibo kijitanue, halafu zilaze ili kizibo kibaki na unyevu. Mahali pawe na giza, joto lisilobadilika, nyuzi 12 hadi 15 ukiweza kupata. Joto tulivu la nyuzi 18 ni bora kuliko linalopanda na kushuka kila siku. Bandika tarehe na aina.

Wiki za kwanza baada ya kujaza, mvinyo huonja vibaya kuliko ulivyoonja mtungini. Umetikiswa, umeguswa na hewa, unahitaji kutulia. Usiuhukumu. Mweupe ufungue baada ya miezi mitatu, mwekundu mwepesi baada ya sita, na ule mzito wenye maganda na mwaloni uuache mwaka. Ukikuta vipovu vidogo vinavyotulia baada ya kuuacha glasini dakika kumi, hiyo ni gesi iliyobaki, na mvinyo ni salama. Ukikuta kizibo kimeinuka na chupa inafoka, hamira imeamka: zipeleke chupa zote kwenye baridi mara moja, zishike kwa kitambaa kizito, na uzifungue moja moja kurudisha mvinyo mtungini chini ya kipumulio, uanze tena kupima.